Kabati Lililoandikwa Halipo

Papa Célestin alinipigia simu baada ya kimya cha miaka kama sita, akasema twende tukale Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, kabla hatujazeeka zaidi ya hapa. Tulikutana katika mkahawa mdogo nyuma ya Porte de Namur, wenye meza zilizofunikwa plastiki na televisheni inayoimba bila mtu kuitazama. Tuliagiza bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kukaanga. Alikuwa amekonda, kola ya shati lake ilimzunguka shingo kama ya mtu mwingine. Tuliongea habari za magoti yake, za Likasi kwetu Katanga, za waliokufa huko na waliokufa hapa, mpaka akaliacha tonge lake pembeni ya sahani na kunitazama.

"Bibiane, ile nyumba yako ya Koekelberg, nilipita pale mbele juzi. Banaivunja yote mu ndani. Banatengeneza ba studio ya kupangisha."

"Na kile chumba cha juu?"

"Madirisha iko wazi tu. Muntu anaona mpaka ku ukuta ya nyuma." Akachovya vidole katika bakuli la maji. "Mi sikusimama. Nilivuka barabara, nikapita upande ingine."

Nilirudi nyumbani na metro nikiwa naliwaza neno hilo. Papa Célestin hakuwahi kuingia katika nyumba ile hata siku moja. Aliijua kwa karatasi tu, kama tulivyozijua pamoja mamia ya nyumba mwaka ule, na bado alivuka barabara. Nadhani ndiyo sababu nimekaa kuandika. Nimeishi Brussels zaidi ya nusu ya maisha yangu, nimelea watoto hapa, nimezika watu hapa, lakini mwaka ule mmoja haujawahi kukaa mahali pake pamoja na miaka mingine.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nilikuwa nimemaliza masomo ya utunzaji wa nyaraka, na serikali ya Ubelgiji, nusu karne baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa imeunda tume ya kufuatilia mali za Wayahudi wa nchi hii walionyang'anywa kila kitu kabla ya kupelekwa kuuawa. Maswali ya tume yalikuwa mepesi kuyatamka: walichukuliwa nini, kilikwenda wapi, na katika ukoo wao nani amebaki wa kurudishiwa. Walihitaji watu wenye macho mazuri na subira ya kusoma miandiko ya zamani, nami nilikuwa navyo vyote viwili. Kibali changu cha kukaa nchini kilitegemea karatasi ya dhamana ambayo mwenyeji wangu alipaswa kuisaini kila mwaka na kuipeleka komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyeji huyo alikuwa Madame Yvonne, mjane wa miaka sabini, ambaye mtawa mmoja wa parokia alinitambulisha kwake. Alikuwa ameishi Katanga karibu miaka ishirini, mumewe akiwa mhandisi wa reli, na alipenda, alisema, kuwa na mtu wa kule nyumbani kwake.

Nyumba ilikuwa nyembamba, ya ghorofa, kama zilivyo zote za mtaa ule, na sakafu ya ukumbini ilikuwa ya vigae vyeusi na vyeupe. Ukisimama dirishani kwangu uliliona kuba la kijani la Basilika, kanisa kubwa la Koekelberg. Chini kulinukia kahawa na nta ya kupolishia mbao. Tulikula saa kumi na mbili jioni siku za kazi, na mchana siku za mapumziko: chikoni, mboga chungu ya Kibelgiji, zilizookwa na jibini, viazi, nyama iliyokatwa vipande vidogo kwa ajili ya meno yake. Kila nyumba ya Kibelgiji niliyowahi kualikwa ilianza na supu. Yake haikuwa na supu, hata wakati wa baridi kali, na nilipojitolea kuipika alisema tumbo lake haliitaki. Aliongea nami Kifaransa, ila mawazo yake yakiwa mbali, au akiwa na haya, Kiswahili kilimtoka. Kilikuwa Kiswahili cha kuamuru tu. Leta chumvi. Funga mulango. Hapana sasa. Kwa miaka ishirini hakuwa amehitaji kingine, na mwanzoni kilinichoma, kisha nikakizoea kama mtu anavyozoea kikohozi cha mwenzake.

Chumba changu kilikuwa ghorofa ya pili, upande wa mbele. Kulikuwa na kitanda cha chuma kifupi, miguu yangu ikitokeza kati ya nondo, na kabati kubwa la mwaloni lenye mlango wa kioo kilichopasuka pembeni juu. Mlango wa kabati hilo haukukubali kufungwa. Lori likipita barabarani ulifunguka upana wa kiganja, taratibu, bila mlio, ukasimama hapo kama unasubiri kuambiwa kitu. Nilikuwa naubana kwa karatasi iliyokunjwa. Madame Yvonne hakuingia chumbani humo hata mara moja. Alipanda ngazi mpaka kwenye kona, akasimama kipandio cha tisa, mkono juu ya mbao ya kushikia, akaongea nami kutoka hapo. Barua zangu aliziacha kwenye kipandio hicho hicho. Nilidhani ni magoti, ingawa magoti hayo hayo yalimpandisha mpaka Basilika kila Jumapili. Na hakukiita chumba changu. Alikiita kule.

Kazini tulikuwa sita katika ukumbi wenye madirisha marefu. Wakati wa vita, nyumba ya Wayahudi ilipoachwa wazi, walitumwa watu kuifunga na kuandika kilichomo, na baadaye lilikuja lori kubeba. Orodha hizo ndizo zilizofika mezani kwangu. Sikusoma habari za watu, nilisoma vyumba. Meza moja, viti sita, kimoja kimetengenezwa. Mapazia ya kijani, jozi mbili. Kioo cha kunyolea. Mswaki wa mtoto. Mwandishi wa orodha alianza mlangoni, akageuka kufuata ukuta, akamalizia katikati ya chumba, na baada ya miezi michache nami nilijikuta nikiingia naye, nikigeuka naye, nikisimama naye pale katikati ambapo hapakuwa na mtu. Nilikuwa natoka ofisini jioni, naingia duka la mkate, na kabla ya kusalimu nimeshaanza kuhesabu rafu kutoka mlangoni.

Papa Célestin alishughulika na mashine ya fotokopi katika chumba kisicho na dirisha mwisho wa korido. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mtu wa mzaha, lakini alikuwa na tabia ya kusoma alichokinakili, na ilimharibu. "Hawa balikuwaka na bavijiko mingi," aliniambia siku moja, akishika karatasi ambayo bado ilikuwa ya moto. "Donc balikuwa banapokea bageni. Unaona? Muntu wa kula peke yake hawezi kuwa na vijiko kumi na mbili." Siku nyingine nilimsikia mkuu wetu, Mflemishi mrefu aliyekula mkate wake akiwa amesimama, akimwambia mgeni kule koridoni: "Fanicha tunaiandika, hatuitafuti. Utaitafuta wapi? Iko chini ya vyombo vya watu. Watu wanakula chakula chao juu yake." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akapangusa makombo kwenye tai.

Faili lenyewe lilinifikia asubuhi ya Jumatatu, mvua ikinyesha. Lilikuwa na ombi la mwanamke aitwaye Madame Régine, mkazi wa Auderghem, mfamasia. Wakati wa vita, akiwa na miaka saba, wazazi wake walimficha kwa masista kijijini, chini ya jina lisilo lake. Baba, mama na kaka yake Simon walibaki mjini kama wapangaji, wakachukuliwa. Kwenye sehemu ya kuandika mali anayodai alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: *Sijui. Chochote kinachoonyesha kwamba tuliishi hapo.* Nikageuza ukurasa kutazama orodha ya nyumba. Mtaa ulikuwa mtaa wangu. Namba ilikuwa namba yetu. Ghorofa ya pili.

Nakumbuka niliinua macho kuona kama kuna aliyenitazama. Kisha nikasoma kama kawaida, kutoka mlangoni. Jikoni, chumba cha mbele, chumba cha nyuma. Karibu kila mstari ulikuwa na alama ya vema, maana yake kitu kilipakiwa kwenye lori. Mistari miwili tu haikuwa nayo, na pembeni mtu mwingine, kwa kalamu ya risasi na mwandiko wa haraka, alikuwa ameandika kwamba vitu hivyo havikukutwa. *Kabati la mwaloni, mlango wa kioo, kioo kimepasuka pembe ya juu: halipo. Kitanda cha chuma cha mtoto: hakipo.* Kwa zaidi ya nusu karne vitu hivyo viwili vilikuwa vimepotea katika karatasi za serikali. Nami usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimelala juu ya kimoja na kutundika gauni langu ndani ya kingine.

Jioni nilikula chini na Madame Yvonne. Aliniuliza kama naumwa. Nilipopanda juu niliwasha taa zote, nikaondoa ile karatasi iliyokunjwa, nikauacha mlango wa kabati ufunguke wenyewe mpaka mwisho. Nilikuwa nimeutumia miezi minane bila kutazama upande wake wa ndani. Nyuma ya kioo, kwenye mbao, kulikuwa na mistari midogo ya kalamu ya risasi imepangwa safu mbili, moja ina herufi R juu yake, nyingine S. Urefu wa watoto. Safu ya S ilipanda mpaka kifuani pangu. Safu ya R iliishia juu kidogo ya kiuno. Lakini juu ya mstari wake wa mwisho kulikuwa na mistari mingine miwili, hafifu, iliyochorwa kwa vinukta, na mbele ya kila mmoja alama ya kuuliza. Sikuielewa. Niliigusa kwa kidole na unga mweusi ukabaki kwenye ngozi yangu, nikaogopa kwamba nimefuta kitu.

Kesho yake nilifanya jambo ambalo sijalisimulia mara nyingi. Nililitia faili la Madame Régine chini kabisa ya rundo langu, chini ya mafaili ambayo hayangeguswa mpaka kiangazi. Nilijiambia nahitaji kufikiri. Kweli ni kwamba karatasi yangu ya dhamana ilikuwa inaisha baada ya miezi miwili, na sahihi iliyotakiwa ilikuwa ya mwanamke wa chini. Lilikaa hapo majuma matatu. Katika majuma hayo sikulala vizuri. Si kwamba niliona kitu, sikuona kitu. Ila kila nilipoingia chumbani kichwa changu kilianza kuorodhesha, kutoka mlangoni, kwa sauti isiyo yangu, na ilipofika katikati ya chumba ilinihesabu na mimi.

Papa Célestin ndiye aliyelifukua. Alikuwa na daftari lake la kufuatilia mafaili yanayopaswa kunakiliwa, na moja lilikuwa halijafika kwake. Alikuja mezani kwangu wenzetu wakiwa wameshuka kula, akanyanyua rundo, akalitoa, akalisoma akiwa amesimama.

"Hii adresse, njo kwako," akasema, kidole juu ya anwani.

"Ndiyo, Papa."

"Na bitu bile biwili. Biko kule?"

"Njo nalalia, Papa. Kitanda njo nalalia."

Kisha akavuta kiti. "Sikia. Mi sitaambia muntu. Karatasi yako naijua, najua ile bibi njo anasaini. Bon. Lakini huyu maman wa Auderghem, unajua ana miaka ngapi? Atakufa. Weye unamungoyesha nini, afe?" Akaliweka faili juu ya rundo, akalinyoosha kwa kiganja ili pembe zake zilingane na za mengine, akaenda zake.

Nililipeleka kwa mkuu mchana huo huo na kumweleza yote, isipokuwa yale majuma matatu. Alisikiliza mkate ukiwa mkononi. Alisema tume haiwezi kumgongea mjane mlango kwa ajili ya kabati. Sheria haikumpa nguvu hiyo. Lakini watu wenyewe wakitaka kuongea, hakuna sheria inayowazuia. Hivyo ilinibidi nianze na Madame Yvonne, na nilianza Jumamosi mezani, viazi vikiwa bado vinatoa moshi. Nilimwambia kwa Kifaransa jina la familia ile. Aliweka uma chini, akaangalia dari, pale chumba changu kilipokuwa. Na akanijibu kwa Kiswahili.

"Mi iko na miaka kumi na ine," alisema. "Asubui. Camion iko mbele ya mulango. Baba anasema, Yvonne, funga mulango, hapana angalia. Mi hapana funga. Mi iko juu ya ngazi." Akanyoosha vidole tisa. "Bwana iko mbele na valise mukononi. Mutoto Simon iko na makoti mbili, moja juu ya ingine. Bibi yake iko nyuma. Bibi anaangalia mi."

"Alisema nini, Madame?"

"Hapana sema."

Akainuka, akaosha sahani iliyokuwa safi. Nilikuwa nimeisikia lugha hiyo yake miezi yote ikiagiza chumvi na kufungisha milango. Haikuwa na nafasi ya jana ndani yake. Kila alichokitaja kilikuwa kinatokea wakati ule, pale jikoni, lori liko mbele ya mlango, na nilijizuia nisigeuke kutazama. Mengine alinieleza kwa Kifaransa akiwa amenipa mgongo. Nyumba ilikuwa ya baba yake. Kabla lori la fanicha halijaja, baba alilishusha kabati na kitanda mpaka chumba cha chini ya ardhi. Alisema vitapelekwa Ujerumani bure. Afadhali vibaki, wenyewe watavikuta wakirudi. Vita vikaisha, hakuna aliyerudi kuuliza, naye akavipandisha tena. "Ni kabati zuri," alisema Madame Yvonne. Kwa siku tatu hatukusemezana. Siku ya nne, kutoka kipandio cha tisa, akasema: "Mwambie aje Alhamisi. Mchana."

Madame Régine alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti la mvua la kijivu na glavu za kahawia. Alisalimia kwa kichwa tu. Alisimama ukumbini akitazama vigae, kisha akapanda ngazi bila kusubiri kuonyeshwa njia, nami nikamfuata. Mlangoni kwangu alivua glavu ya kulia na kuweka vidole kwenye mwimo, usawa wa bega lake, mahali ambapo chini ya rangi nyingi palikuwa na uvimbe mrefu uliolala mshazari. Mimi nilikuwa nimeuchukulia kuwa ubovu wa mbao, na juu yake, kwenye msumari, nilikuwa nimetundika rozari yangu. Alivigusisha vidole vyake mdomoni, na ndipo nilipotambua kijisanduku cha maandiko matakatifu ambacho Wayahudi hukipigilia mlangoni. Hakusema neno kuhusu rozari. Niliitoa mwenyewe, nikaitia mfukoni.

Alifungua kabati na kuchuchumaa mbele ya ile mistari kwa muda mrefu. "Hii nilisimamishwa hapa," alisema akionyesha ule wa mwisho ulionyooka wa R. "Siku moja kabla ya safari ya kwa masista. Mama aliweka kitabu kichwani kwangu." Kidole chake kikahamia safu ya S. "Hii miwili ya juu sikuiona ikichorwa. Waliendelea kumpima Simon." Kisha akafika kwenye vinukta, kwenye alama mbili za kuuliza, na kidole kikasimama hapo. "Alikuwa anakisia," akasema. "Kila walipompima yeye, mama alikisia na mimi nimefika wapi."

Madame Yvonne alikuwa amepanda mpaka mahali pake kwenye ngazi. Tulimwona kichwa na mabega tu. Madame Régine alitoka akasimama mlangoni, na wakatazamana, mmoja juu, mmoja chini.

"Ulikuwa hapo?"

"Hapa hapa."

"Mama yangu alivaa nini?"

"Koti la kijivu. Chini yake aproni. Hawakumpa nafasi ya kuivua."

"Alisema kitu?"

Madame Yvonne alinitazama, na nikajua kwamba mezani aliniambia uongo. "Alisema kuna supu motoni. Aliniomba nizime."

"Ukazima?"

"Nilizima."

"Halafu?"

"Tuliila. Baba, mama na mimi. Kulikuwa na njaa. Ilikuwa bado ya moto."

Nilimtazama Madame Régine mgongoni nikitegemea mabega yake yatikisike, au apige kelele. Hakufanya hata kimoja.

"Ilikuwa supu ya nini?" akauliza.

"Karoti na viazi. Na majani fulani membamba kama nywele. Sikuwa nimewahi kuyaonja."

"Aneth," alisema Madame Régine. Alilitaja jina la majani hayo polepole, kisha akalirudia. Akarudi ndani, akaketi kwenye kitanda cha chuma, na ndipo nilipoona kwamba miguu yake ilifika sakafuni kwa shida. Alikaa karibu nusu saa. Muda wote huo Madame Yvonne alisimama kwenye ngazi bila kupanda wala kushuka.

Majuma mawili baadaye walikuja wabebaji na ile lifti ya nje inayoegemezwa ukutani, kabati likatolewa kupitia dirishani, likateremka mbele ya kuba la Basilika likiwa limefungwa mikanda, mlango wake umebandikwa kwa utepe. Kitanda Madame Régine hakukitaka. Nyuma ya mahali pa kabati palitokea karatasi ya ukutani ya zamani, maua mekundu mabichi kabisa, yasiyopigwa na jua. Nilikuwa nikiyatazama niliposikia hatua, na Madame Yvonne akaingia chumbani kwa mara ya kwanza. Aliyagusa maua. Akaona godoro langu, ambalo nilikuwa nimelishusha chini tangu ile Alhamisi. Usiku huo nilikuta kando ya sahani yangu karatasi ya dhamana, imesainiwa, na chini yake hakuna neno hata moja la maelezo. "Tafuta chumba ingine, Bibiane," alisema, akanipakulia viazi. Nilihamia Matonge mwisho wa mwezi, juu ya saluni ya nywele. Alifariki miaka michache baadaye. Nilisoma tangazo lake gazetini.

Tume ilimaliza kazi yake na kuandika ripoti. Faili la Madame Régine lilipata jibu la heshima, lenye muhuri, kwamba fanicha haimo katika yale yanayoweza kurudishwa, na kwamba jambo limeandikwa. Lakini mwaka ule, kabla haujaisha, alinialika kwake Auderghem, nyumba ya ghorofa ya kwanza inayotazama miti ya mwanzo ya msitu. Ilikuwa Jumapili mchana. Kulikuwa na keki ya mbegu za popi, chai, na kabati limesimama ukutani mwa sebule, mlango wazi, halina kitu ndani. Alinishukuru. Alisema mara mbili, na mara ya pili sikuweza kuvumilia.

"Madame, faili lako lilikaa mezani kwangu majuma matatu," nikasema. "Nililificha mwenyewe, chini ya mengine."

Aliweka birika mahali pake. "Kwa nini?"

"Nilihitaji chumba. Yeye ndiye aliyekuwa anasaini karatasi zangu."

Alinitazama kwa macho yasiyo na hasira yoyote, na hilo ndilo linalonirudia mpaka leo kuliko ngazi, kuliko mistari, kuliko vyumba vyote nilivyosoma. Alikuwa anafikiri, kama mfamasia anayehakikisha kipimo cha dawa.

"Ndiyo," alisema mwishowe. "Na baba yake Yvonne alihitaji kabati."

Akakata kipande cha keki, kikubwa, akakiweka kwenye sahani yangu, akanisogezea. "Kula," akasema. Alibaki akinitazama mpaka nikamaliza.